Stelingi Anayerudi Mikono Mitupu

Kuna maneno yamerudiwa mpaka yamekuwa kama sheria. Husemwa kwamba mtu anayependa filamu za zamani za safari na vitisho, zile za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ambazo wengi hawazijui hata kwa majina, anazipenda kwa sababu ni mbovu. Anazitazama ili acheke. Anacheka zimwi la mpira, milima iliyochorwa ukutani, na mwanasayansi anayeeleza habari za atomu kwa sauti ya karani anayesoma orodha ya mizigo. Utamu wote, wanasema, uko kwenye ubovu, na ubovu ukiondoka hakibaki kitu.

Mimi nasema si kweli. Maneno hayo yanazionea filamu, na yanamwonea zaidi mtazamaji, kwa sababu yanamnyang'anya hofu yake na kumpa kicheko ambacho hakukiomba.

Tunajua yalikoanzia. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu cha kugawa tuzo kwa filamu walizoziona mbovu kuliko zote, na kikasomwa sana. Mwaka 1988, katika jimbo la Minnesota, kikaanza kipindi cha televisheni kiitwacho Mystery Science Theater 3000. Humo vivuli vya watazamaji watatu hukaa chini ya skrini wakiitania filamu ya watu wengine tangu inaanza mpaka inakwisha. Kizazi kizima kilizijua filamu hizi kwa njia hiyo, kikionyeshwa mahali pa kucheka kabla hakijapata nafasi ya kuogopa. Leo hata anayetaka kuzisifu huanza kwa kuomba radhi. Anajua ni takataka, anasema, lakini zinamfurahisha.

Sina radhi ya kuomba. Nitaanza na filamu ninayoiona bora kuliko zote za kundi lake.

Inaitwa Matango. Ilitengenezwa na kampuni ya Toho ya Japani mwaka 1963. Mwongozaji alikuwa Ishirō Honda, yule yule aliyeongoza Godzilla mwaka 1954, na ufundi wa vitisho ulisimamiwa na Eiji Tsuburaya. Watu saba wanatoka Tokyo kwa mashua ya starehe: tajiri mwenye mashua, nahodha, baharia, mwandishi, mwimbaji wa kike, mwalimu wa chuo kikuu na mwanafunzi wake. Dhoruba inawapiga, mlingoti unavunjika, mashua inaelea bila mwelekeo mpaka inafika kisiwa kilichozibwa na ukungu. Ufukweni wanakuta meli kubwa imekwama, haina mtu, na kuta zake zimefunikwa kuvu kuanzia sakafu mpaka dari.

Hapo Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Ule unaotanda baharini ni ukungu, na ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa kabatini pia ni ukungu. Honda ametengeneza filamu nzima juu ya jambo hilo moja: ukungu wa nje unakuwa ukungu wa ndani, kisha ukungu wa kwenye ngozi. Wanaposafisha vyumba wanagundua kwamba katika meli nzima hakuna kioo hata kimoja. Vimeondolewa vyote. Walioishi humo kabla yao hawakutaka kujiona.

Chakula ni kidogo. Kisiwani kuna uyoga kila mahali, mkubwa, wa rangi, lakini kumbukumbu za meli zinaonya usiliwe. Kwa hiyo wanahesabu makopo, wanagawana, wanachimba mizizi. Kisha baharia anapata mayai ya kasa, na badala ya kuyaleta mezani anamuuzia tajiri kwa siri, kwa noti.

Niliwahi kuwawekea filamu hii jamaa zangu wanne, sebuleni kwangu Dar es Salaam. Wote walikulia kwenye vibanda umiza, walizoea picha za mapigano zenye sauti ya mtafsiri juu yake. Walianza kwa kucheka. Walicheka mavazi, wakacheka wimbo wa mashuani, wakauliza zimwi linatoka saa ngapi. Ilipofika sehemu ya mayai mmoja wao aliuliza, "Anamuuzia? Si wako pamoja?" Hakuna aliyemjibu. Kuanzia hapo sikusikia kicheko. Hata watu waliogeuka uyoga kwa kuula walipojitokeza kamili, na mpira wao unaonekana wazi, hakuna aliyecheka. Walikuwa wamekwisha ogopa, na hofu yao haikutokana na mpira. Waliogopa ile noti iliyobadilishwa kwa yai kwenye kisiwa kisicho na duka.

Hapo ndipo penye mvuto wa filamu hizi, na sioni kama wanaozicheka wamepapitia. Filamu ya kawaida ya safari humpeleka mtu mbali ili ashinde. Filamu ya kawaida ya vitisho hulileta zimwi mpaka nyumbani kwako. Ukizichanganya kwa dhati unapata kitu cha tatu: mtu anayekwenda mbali kutafuta zimwi, na njiani anagundua kuwa amelibeba tangu bandarini. Nahodha wa Matango, aliyekuwa tegemeo la wote, anaondoka na mashua peke yake. Mwandishi anakula uyoga kisha anashika bunduki. Tajiri anaiba chakula cha wenzake. Kisiwa hakijawafanyia lolote ila kuwanyima chakula, mengine wamejifanyia wenyewe.

Kila aliyekaa kwenye benchi la kibanda anajua kanuni: stelingi hafi. Apigwe risasi, aanguke kwenye jabali, mwisho atainuka na kumaliza kazi. Kanuni hiyo ni tamu, sina ugomvi nayo. Ila Matango inaivunja kwa namna ambayo sijaiona popote. Stelingi, yule mwalimu wa chuo, hafi kweli. Anaokoka peke yake na kurudi Tokyo. Tangu mwanzo wa filamu tunamwona katika chumba cha hospitali chenye nondo, ametupa mgongo, anatazama taa za mji na kusimulia. Anasema hakuula uyoga. Anasema anajuta, bora angeula, abaki kisiwani na yule mwanafunzi wake aliyempenda. Kisha anageuka tuone uso wake, na uso umeanza kuota. Anauliza kama watu wa Tokyo wana tofauti gani na wale wa kisiwani. Filamu inaishia hapo, hakuna anayemjibu.

Mwambie mtu aliyeyaona hayo kwamba aliipenda kwa sababu ya kamba na gundi.

Na tazama jinsi kicheko kilivyotengenezwa. Filamu hii ilipofika Marekani haikupelekwa kwenye majumba ya sinema. Iliuzwa kwa televisheni, ikatiwa maneno ya Kiingereza midomoni mwa Wajapani, na kupewa jina jipya, Attack of the Mushroom People, yaani shambulio la watu wa uyoga. Ukimwambia mtoto kwamba sasa ataona shambulio la watu wa uyoga, umeshamwekea kicheko kinywani. Hakuna shambulio katika filamu hiyo la kustahili jina hilo. Uyoga unangoja tu, na wenye njaa wanaufuata wenyewe. Ndani ya filamu kuna kicheko kimoja kinachotisha, kinasikika msituni, cha wale waliokwisha kula na ambao hawana tena haja ya kurudi kwa wenzao. Kila ninapowasikia watu wanaangua kicheko mbele ya filamu hizi tangu dakika ya kwanza, nakikumbuka kile.

Hadithi yenyewe ina asili nzito. Imetokana na kisa kilichotolewa mwaka 1907 na Mwingereza William Hope Hodgson, mtu aliyeingia baharini akiwa kijana mdogo na aliyeuawa na kombora vitani Ubelgiji mwaka 1918. Kwake, mtu anapiga makasia usiku hadi kwenye meli kuomba chakula, na anaomba taa isimulikwe upande wake. Anayejua bahari ataelewa kwa nini kisa hicho hakihitaji zimwi kubwa. Honda naye alikuwa mwanajeshi, na aliporudi kutoka China vita vilipokwisha alipita Hiroshima akaiona ilivyoungua. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua Daigo Fukuryū Maru. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo huo. Meli iliyokwama katika Matango ni meli ya utafiti, na kazi yake ilikuwa kuchunguza madhara ya milipuko ya nyuklia. Kwa hadhira ya Kijapani ya mwaka 1963, ngozi inayobadilika taratibu usoni mwa mtu haikuwa mzaha. Ilikuwa jirani yao.

Nije sasa kwenye mpira wenyewe, kwa kuwa ndiyo hoja wanayoishika kwa mikono miwili. Zimwi linaonekana ni la bandia, basi filamu ni mbovu. Hoja hii hainiingii akilini, na nadhani haipaswi kumwingia mtu yeyote aliyelelewa karibu na ngoma. Mmakonde anayetazama mapiko anajua kuwa chini ya kinyago kuna mtu, na hata miguu anaiona. Kinyago kinapogeuza shingo ghafla na kumwendea, anarudi nyuma. Bibi anayesimulia habari za zimwi hana zimwi mkononi, ana sauti tu, na watoto wanasogeleana mkekani. Wazee wetu waliojaa kwenye majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar es Salaam kumwona Raj Kapoor katika Awaara hawakusema filamu ni mbovu kwa kuwa watu hawaimbi barabarani kwa vyombo visivyoonekana. Walilia, wakarudi nyumbani na nyimbo. Huo ndio ujuzi wa kutazama. Asiyejua kuogopa kinyago mpaka ahakikishiwe kwamba hakina mtu ndani amepungukiwa na kitu, na hatupaswi kumfanya hakimu wetu.

Tena umaskini wa vifaa mara nyingi ulizifaa filamu hizi. The Abominable Snowman ilitolewa mwaka 1957 na kampuni ya Hammer ya Uingereza. Iliongozwa na Val Guest, na iliandikwa na Nigel Kneale kutokana na tamthilia yake mwenyewe iliyorushwa na BBC Januari 1955. Peter Cushing anaigiza Dakta Rollason, mtaalamu wa mimea aliyeko kwenye nyumba ya watawa huko Himalaya. Anafika Mmarekani aitwaye Tom Friend na msafara wake, anatafuta yeti, yule mtu wa theluji anayesemwa. Rollason anamwacha mkewe, anapuuza onyo la mkuu wa watawa, na kuwafuata.

Kumbuka majira yake. Mwaka 1951 mpanda milima Eric Shipton alikuwa amepiga picha ya unyayo mkubwa kwenye theluji, na ulimwengu ukaishangaa. Mei 1953 Hillary na Tenzing walifika kilele cha Everest. Mwaka 1954 gazeti la Daily Mail likapeleka msafara mzima kumsaka yeti. Magazeti yalikuwa yamejaa bendera na vilele, na katikati ya shangwe hiyo ikatoka filamu ndogo isiyo na rangi inayouliza swali la kukera: na ukimpata, utamfanya nini? Friend ana jibu tayari. Atamtia kwenye kizimba na kumwonyesha kwa kiingilio. Wanampiga risasi yeti mmoja, wanautumia mwili wake uwe chambo cha kuwavuta wengine. Friend anamkalisha mwenzake mtegoni akiwa na bunduki, bila kumwambia kwamba risasi alizompa ni tupu, maana anamtaka yeti akiwa hai. Yeti anakuja, na mwenzake anakufa kwa hofu.

Guest anatuonyesha mkono unaopenya chini ya hema, kivuli, na mwishoni macho. Hana zaidi, na hahitaji zaidi. Macho yale ni ya kiumbe mwenye akili na huzuni, jamaa wa mbali wa binadamu aliyejificha juu ya milima akingoja sisi tumalizane. Friend anafyatua bunduki kwa kiwewe, theluji inaporomoka na kumfunika. Rollason anarudi kwa watawa bila wenzake. Mkuu wa watawa anamuuliza kama alikipata alichokitafuta. Anajibu kwamba alichokuwa akikitafuta hakipo.

Anadanganya, na uwongo ule ndio tendo lake jema kuliko yote. Mtu aliyesafiri maisha yake yote kutafuta ujuzi ameupata, kisha ameuzika kwa hiari yake. Filamu gani kubwa ya safari ya miaka ile, yenye rangi na nyota na tembo mia, ilikuwa na ujasiri wa kumrudisha stelingi wake mikono mitupu na kumhesabu mshindi?

Huo ndio mzani ninaotumia, nao haunidanganyi mara nyingi. Msafiri akirudi na ngozi begani, filamu imekufa. Akirudi mikono mitupu, au asirudi, inaishi.

Kwa mzani huo huo nakubali jambo moja ambalo wapinzani wa upande wa pili wanalisema, na wanalisema kwa haki. Wao hawacheki, wanakasirika. Wanasema filamu hizi ni masalia ya ukoloni: Mzungu anaamuru, wenyeji wanabeba mizigo na kufa wa kwanza, basi zizikwe. Zipo nyingi za namna hiyo, na iliyo karibu nasi zaidi imechukua hata neno letu. Bwana Devil ilionyeshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 26 Novemba 1952. Iliandikwa na kuongozwa na Arch Oboler, na ndiyo filamu ndefu ya rangi iliyofungua wimbi la picha za pande tatu Marekani, watu wakiwa wamevaa miwani ya kuwaletea simba mpaka mapajani kama tangazo lilivyoahidi. Kisa chake ni simba wawili wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa reli kutoka Mombasa mwaka 1898. Sehemu kubwa ilipigwa California. Robert Stack anaigiza mhandisi Mzungu mwenye majuto na bunduki, na waliokuwa wakiliwa usiku baada ya usiku ni kivuli nyuma yake. Sitaitetea. Pande tatu hazikuiongezea upande wa nne uliokuwa ukihitajika, yaani kuwatazama waliolala kwenye mahema.

Lakini kuizika hakutusaidii, na kuzizika Matango na The Abominable Snowman pamoja nayo ni dhuluma, kwa sababu hizo mbili ndizo zilizomweka msafiri kizimbani wakati ambapo filamu nyingi zilikuwa bado zinamvisha taji. Kasoro ya Bwana Devil haikutokana na kuchanganya safari na vitisho. Ilitokana na kuogopa kufika mwisho wa mchanganyiko huo. Kitisho cha Tsavo kimo katika kitabu cha mhandisi halisi, J. H. Patterson, kilichotolewa mwaka 1907. Humo anataja idadi ya makuli wa Kihindi walioliwa, 28, kisha anasema kuna Waafrika wengi pia, ambao hesabu yao rasmi haikuwekwa. Simba hawakuhusika na hilo. Ni mtu aliyekuwa na daftari na kalamu, akaandika upande mmoja, upande wa pili akauacha mtupu.

Kuna wanaosema pia kwamba kuzipenda filamu hizi ni kulilia utoto. Wakati Matango inatoka mimi sikuwa nimezaliwa, na sikuiona mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Sina cha kulilia huko.

Kwa hiyo nawaomba wawili. Wewe mtazamaji, itafute Matango yenye sauti ya Kijapani, wala si ile iliyobandikwa jina la shambulio. Itazame usiku, usimkaribishe mtu aliyekuja kucheka, na yakifika mayai ya kasa zima simu. Na wewe mwongozaji wa kwetu unayelalamika kwamba huna fedha za kutengeneza zimwi, nenda Tsavo. Huhitaji simba wa kompyuta. Unahitaji boma la miiba, hema moja, wanaume waliochoka wanaojua kwamba usiku huu atachukuliwa mmoja wao, na karani anayepita asubuhi na daftari. Patterson alirudi na ngozi za simba wale begani. Alizitandika nyumbani kwake kama mazulia, na mwaka 1924 akaziuza kwa Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000. Simba hao wamejazwa, wamesimamishwa nyuma ya kioo, na wangali huko mpaka leo. Filamu ya waliolala kwenye yale mahema bado haijapigwa.